Neno Lenye Shwa

Katika kijiji cha Amkeni hapakuwa na mtu aliyehamishwa. Wote walihamia. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Feliksi, kila wageni walipokuja kutoka Kigoma mjini, na ndivyo ilivyoandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kibao kilichosimamishwa mbele ya ofisi ya Chama: WANANCHI WA AMKENI WALIHAMIA KWA HIARI. Marsiana alipita mbele ya kibao hicho mara mbili kwa siku, akienda ziwani na akirudi, na kwa muda mrefu alidhani ni jina la kijiji tu. Siku alipoweza kukisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, midomo ikimchezacheza, alisimama pale na beseni la dagaa kichwani mpaka maji ya samaki yakamtiririkia shingoni. Watu waliompita walidhani anaumwa.

Kwao kulikuwa milimani, mbele ya Mwandiga, mwendo wa siku nzima kutoka ziwani. Huko Marsiana alikuwa mwanamke wa maneno. Wake wenza wakigombana, aliitwa yeye. Bibi harusi akitoka kwao, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kumuaga kwa niaba ya wanawake wote, na alijua kuusema ukweli ndani ya mzaha, watu wakacheka pale pale, wakaumia wakishafika nyumbani. Mama yake, bibi kizee Rahabu, alikuwa akimwambia, "Wewe kinywa chako nilikizaa peke yake, mwili ukafuata baadaye."

Lori lilikuja asubuhi moja ya mwezi wa kumi. Mgambo walipanda juu ya nyumba wakaanza kung'oa nyasi za paa, ili mtu asiwe na pa kurudi. Rahabu alikuwa na homa ya kifua. Walimpandisha juu ya magunia ya mihogo, wakamfunika kwa mkeka, na safari yote Marsiana alikuwa ameushika mguu wa mama yake asije akateleza. Waliteremshwa kwenye majani marefu karibu na ziwa, palipokuwa na vigingi tu, kila familia na kigingi chake. Mvua ilianza siku ya tatu. Siku ya tisa Rahabu alifariki chini ya ule ule mkeka, na wakamzika nyuma ya kigingi chao, kwa sababu kwenye ramani ya kijiji palikuwa na ofisi, shule, ghala na zahanati, lakini makaburi yalikuwa hayajachorwa.

Tangu siku hiyo Marsiana alinyamaza. Mumewe, Ignas, ndiye aliyemwomba anyamaze. "Hapa hatujulikani," alimwambia. "Huko kwetu ukisema, watu wanasema ndivyo alivyo Marsiana. Hapa ukisema, wanaandika."

Tena hata Kiswahili chenyewe kilimsaliti. Wenyeji wa pale ufukweni walikuwa watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya jikoni na ya kubembelezea watoto. Marsiana alikuwa Muha wa milimani. Kila penye la, ulimi wake ulikwenda kwenye ra. Akisema "kurara" badala ya kulala, wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliangushana kwa kicheko. Mwanamke aliyekuwa akisubiriwa mlangoni na maharusi sasa alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Kisha darasa la watu wazima likaanzishwa. Lilikuwa jioni jioni, shuleni, na lilijaa zaidi siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa za karabai za kuvutia dagaa hazifai kitu, wavuvi hawaendi ziwani, na pwani hapana samaki wa kuanika. Mwalimu alikuwa binti wa Ujiji, Mwamini binti Kassimu, ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu. Alikuwa na sauti ndogo na aliona haya kuwaambia watu wa rika la mama yake kwamba wamekosea. Alisema, "Karibu kabisa, mama. Jaribu tena."

Siku Marsiana alipoitwa ubaoni kwa mara ya kwanza aliandika: Mimi nina karamu.

"Jamani!" Dunia, jirani yake, alipiga makofi. Dunia alikuwa mwanamke wa pale pale ufukweni, mnene, mwenye mdomo usiolala, na Marsiana alimwita kwa jina la mwanawe, Niko. "Mama Niko ana karamu! Pilau iko wapi, Mama Niko? Tuje na sahani zetu?"

Darasa zima lilicheka. Mwamini akafuta herufi moja taratibu, akaandika l mahali pake. "Kalamu," alisema. "Mimi nina kalamu. Mkono wako ni mzuri, mama. Herufi zako zimesimama vizuri kuliko zangu."

Hilo lilikuwa kweli. Marsiana alirudi kwenye dawati akiwa na aibu, lakini alikuwa amegundua jambo. Karatasi haikucheka. Karatasi ilimngoja. Kosa la ulimi likishatoka limetoka, lakini kosa la penseli aliweza kulitazama, akalifikiria, akalifuta kwa kidole chenye mate, akaanza upya. Kwa miezi mitano alijifunza zile l moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Kulima. Kulala. Kula. Kulia.

Jioni moja Mwamini aliandika ubaoni silabi mpya: shwa. Akaandika na mifano chini yake. Mtoto anaoshwa. Mtoto analishwa. Mtoto anavishwa.

"Mkiona shwa," alieleza, "jueni huyu mtoto hakujifanyia mwenyewe. Kuna mwingine aliyemfanyia. Huenda hatumtaji, lakini yupo."

"Hata asipotajwa?" Marsiana aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza kitu darasani.

"Hata asipotajwa, mama. Shwa inamwonyesha."

Marsiana aliitazama ile silabi mpaka darasa likatoka. Usiku ule alipokuwa akisonga ugali wa muhogo alikuwa akiisema kimoyomoyo, shwa, shwa, na Ignas akamuuliza anamfukuza kuku gani.

Mwezi wa nane ikatangazwa kwamba kutakuwa na mtihani, na afisa wa elimu atakuja kutoka mjini kuutazama. Watakaofuzu watapewa hati. Tena mwanafunzi mmoja atasoma mbele ya watu maneno aliyoyaandika mwenyewe kuhusu kijiji chake. Mwamini alimchagua Marsiana, na aliposema jina lake alitabasamu kwa namna ambayo Marsiana aliona fahari mpaka masikio yakamwaka moto.

"Andika yaliyo yako, mama," Mwamini alimwambia. "Usinakili kitabuni."

Basi akaandika yaliyo yake. Ilimchukua siku nne. Aliyapeleka shuleni mapema, kabla wenzake hawajafika, akamkabidhi mwalimu daftari kwa mikono miwili. Yalikuwa mafupi.

Jina langu ni Marsiana. Turihamishwa mwezi wa kumi. Nyumba yetu iriezuriwa. Mama yangu ariugua mvuani, arikufa siku ya tisa. Sasa ninajua kuandika.

Mwamini alichukua kalamu nyekundu. Alianza na zile r, akazigeuza l, moja baada ya nyingine, huku akinong'ona, "Vizuri, vizuri sana." Halafu kalamu ikarudi juu, ikasimama kwenye neno Turihamishwa.

"Mama, hapa mwisho wa neno. Huoni kwamba umekosea kidogo?"

"Wapi, mwalimu?"

"Umeandika shwa. Kwenye kibao cha ofisi wameandika walihamia. Ungeandika tulihamia."

"Tulihamia ni sisi wenyewe?"

"Ndiyo."

"Na tulihamishwa kuna mwingine?"

Mwamini aliifunika kalamu nyekundu.

"Wewe ndiye uliyetufundisha," Marsiana alisema kwa upole, kwa sababu alidhani msichana amesahau. "Hata asipotajwa. Mimi sikumtaja mtu."

"Mama Niko, nakuomba." Mwamini aliinua macho, yalikuwa yamejaa. "Mimi niko kwenye majaribio mwaka huu. Baba yangu ni mgonjwa, wadogo zangu wananitegemea. Usiniponze, mama yangu. Ni neno moja tu."

Marsiana alimwachia daftari, akalifuata jioni ya pili. Alimwonea huruma. Njiani alijiambia kwamba atalibadilisha, kwamba msichana yule ni mtoto wa watu. Lakini alipofika nyumbani alimkuta Ndugu Feliksi ameketi kwenye kigoda cha Ignas, Ignas mwenyewe amesimama kando, na huruma ile ikapata mahali pa kukwama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Nasikia wewe ndiye bingwa wetu." Feliksi hakuwa mtu mkali. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kusema, na baada ya kusema. "Mwalimu kanisomea kidogo. Maneno mazuri. Kuna pale tu, hapo mwanzo. Na habari za mvua. Afisa anatoka mbali, mama, tumwambie habari za mvua za mwaka juzi? Sema mihogo. Sema zahanati."

"Zahanati haina dawa," Marsiana alisema.

"Lakini ipo!" Feliksi alicheka. Akamgeukia Ignas. "Bwana Ignas, jina lako nimelipeleka kwenye halmashauri ya kijiji. Kamati ya ujenzi inataka mtu mtulivu, na nyumbani kwake pawe patulivu. Wengine wanasema hawa wa milimani bado wageni. Mimi nikasema, hapana, hawa ni wenzetu."

Alipoondoka, Ignas alikaa akichora chora ardhini kwa kijiti.

"Neno moja litakupunguzia nini?" Ignas alisema mwishowe.

"Kama ni neno moja, mbona mmekuja watatu kuliomba?"

"Unaona? Kinywa hicho." Lakini sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu. "Marsiana, mimi tangu tufike hapa ninasukumwa. Kwenye maji sijui, kwenye mtumbwi sijui, watoto wadogo wananicheka nikishika kasia. Sasa kwa mara ya kwanza wananipa mahali pa kukaa. Unataka nisimame tena?"

"Na mama yangu?"

"Nilimchimbia kaburi kwa mikono yangu. Usiniambie mama yako kama vile sikuwepo."

Ilikuwa kweli, na Marsiana alikuwa akimpenda kwa hilo. Walikula bila kutazamana. Asubuhi yake alikata karatasi mpya akaandika upya, mwandiko safi: Tulihamia Amkeni mwezi wa kumi. Tuna shule, zahanati na ghala. Aliyasoma mara mbili. Yalikuwa maneno ya mtu mwingine yaliyovaa mwandiko wake. Aliikunja karatasi hiyo akaitia kifuani, na ile ya daftari akaichana, akaitia kifuani pia. Hata yeye mwenyewe hakujua siku ile atatoa ipi.

Siku ya mtihani watu walijaa mpaka madirishani. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani, mpole, aliyewaamkia wazee kwanza kabla ya kuketi. Feliksi alikaa kulia kwake. Ignas alikuwa safu ya mbele pamoja na watu wa halmashauri, amevaa shati lake la kwendea kanisani. Mwamini alisimama kando ya ubao, mikono ameifumbata.

Marsiana alisimama. Aliingiza mkono kifuani. Karatasi zote mbili zilikuwa na joto la mwili wake, na vidole vyake viliijua ile ya daftari kwa ukingo wake uliochanika. Akaitoa hiyo.

"Jina rangu ni Marsiana," alisoma. Mtu mmoja nyuma alicheka. "Turihamishwa mwezi wa kumi. Nyumba yetu iriezuriwa. Mama yangu ariugua mvuani, arikufa siku ya tisa. Sasa ninajua kuandika."

Watu wa milimani waliokuwa madirishani hawakutazamana. Mzee mmoja alivua kofia yake, akaishika mkononi.

Feliksi akacheka. "Ndugu Afisa, utuwie radhi. Hawa wenzetu wa milimani Kiswahili kinawapa tabu. Umesikia mwenyewe, jina rangu! Alitaka kusema tulihamia. Siyo, mama? Ulimi tu umeteleza."

Darasa likashusha pumzi. Vicheko vikaanza, vidogo kwanza, halafu vikubwa, vicheko vya watu waliofunguliwa mlango. Hata Ignas alitabasamu, akimtazama mkewe kwa macho yanayoomba. Mlango ulikuwa wazi kwake pia. Alichotakiwa kusema ni ndiyo tu, ulimi umeteleza, na angepewa hati, na mumewe angebaki kwenye kiti, na mwalimu kazini. Wangemcheka siku mbili. Kuchekwa alishazoea. Lakini Rahabu naye angekuwa ulimi ulioteleza. Angekuwa kosa la matamshi.

"Basi njoo, mama," afisa alisema kwa wema, akimnyooshea chaki. "Liandike ubaoni lile ulilotaka kusema. Kuandika hakuna lafudhi."

Marsiana alikwenda ubaoni. Aliandika polepole, herufi kubwa zilizosimama, na alipofika kwenye l aliichora ndefu na iliyonyooka, asiwepo mtu wa kusema ni r. TULIHAMISHWA. Kisha akarudi nyuma hatua moja, ili wote waone.

Hakuna aliyecheka.

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimtazama Feliksi, na Feliksi kwa mara ya kwanza hakuwa na kicheko. Basi afisa akamgeukia mwalimu, kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

"Mwalimu. Neno hilo ni sahihi?"

Mwamini alikuwa ameinamisha kichwa. Marsiana alimtazama, na hata wakati ule moyo wake ulikuwa upande wa binti huyo. Alisema kimoyomoyo, sema, mwanangu, wewe ndiye unayejua.

"Si sahihi," Mwamini alisema.

"Sauti, mwalimu."

"Si sahihi, bwana. Mwanafunzi bado hajafuzu." Akachukua kifutio, akalifuta neno lile kuanzia mwisho, ile shwa kwanza, na vumbi la chaki likamwangukia kwenye mikono ya gauni.

Hati zilitolewa alasiri ile kwa watu thelathini na mmoja. Dunia alipata yake, akaja kuipitisha mbele ya Marsiana, lakini alipofika karibu aliikunja, akaiweka chini ya khanga, akasema tu, "Mama Niko, nyumbani kwangu kuna mawese, uje uchukue." Jina la Ignas liliondolewa kwenye kamati ya ujenzi kabla ya wiki kwisha. Hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alihamisha kigoda chake, akawa anakula amegeukia ziwa, na ilikuwa hivyo mwaka ule wote na uliofuata. Marsiana aliandikishwa upya hatua ya kwanza, pamoja na bibi wawili waliokuwa hawajui kushika penseli. Alikwenda. Aliketi dawati la mbele, akasoma a, e, i, o, u kwa sauti nene ya milimani isiyojificha tena, na penye la alisema ra, akaiacha ilivyo. Hakuna aliyemwita ubaoni.

Mwezi wa kumi mwaka ule ule, asubuhi moja baada ya wavuvi kurudi, Mwamini alimfuata ufukweni. Wanawake kama ishirini walikuwa wametawanyika mchangani, wameinama, wakitandaza dagaa. Mwamini alisimama karibu na Marsiana akiwa ameshika viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimethibitishwa kazini. Barua imekuja jana."

"Vizuri. Baba hajambo?"

"Hajambo kidogo." Mwamini alichuchumaa, akachukua dagaa mmoja, akamgeuza, akamrudisha pale pale. "Mama Niko, lile neno lilikuwa sahihi." Alilisema chini chini, karibu na sikio la Marsiana, kama mtu anayempa siri ya ndoa.

"Najua," Marsiana alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nisamehe."

Marsiana alijinyoosha, akashika kiuno. Alimtazama msichana yule, uso wake mdogo mzuri, macho yaliyovimba, na kweli alitaka kumsamehe. Ingekuwa rahisi kuliko kuinama tena. Badala yake alinyoosha mkono wake wenye magamba ya samaki kuelekea wale wanawake wote, Dunia akiwa mmoja wao, wengine wa ufukweni, wengine wa milimani.

"Waambie hao."

Mwamini aliwatazama. Wawili watatu walikuwa wameinua vichwa, wakisubiri kuona mwalimu ana nini. Alifungua mdomo. Upepo wa ziwa ulikuwa mdogo, sauti yoyote ingefika.

"Mama, nitachelewa shuleni," alisema.

Akavaa viatu vyake pale pale mchangani, huku miguu ikiwa na maji, akaondoka haraka. Marsiana aliinama, akaendelea kutandaza dagaa, kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda.